Kabla ya Kushuka Kisimani, Kagua Kamba Ilikofungwa

Nafukua visima huku Mnarani, na wenye boma karibu wote huniuliza kamba yangu ina unene gani. Mimi nauliza imefungwa wapi. Vifaa nilivyoona vikishindwa, vingi vilishindwa pale kamba ilipofungwa, wala si kamba yenyewe.

Hapa tumekaa juu ya matumbawe. Hata kisima cha kale kwenye magofu ya hapa Mnarani, karibu na msikiti, kimechimbwa ndani ya mwamba huohuo. Mwamba huu ni mgumu kwa juu lakini ndani una matundu, ndiyo maana mtaimbo uliopigiliwa kando ya kisima siutegemei. Nagonga jiwe kwa nyundo kwanza. Likitoa sauti ya uvungu, nahama. Bora mti hai, mwarobaini au mkwaju ulionenepa, na kamba naizungusha chini kabisa shinani. Ukifunga juu, unaupa mzigo nafasi ya kuukunja mti.

Kisha natafuta pa pili. Kila mshikizo mmoja lazima uwe na mwenzake wa kuudaka. Ila kamba mbili zinazotoka kwenye mishikizo hiyo zisitanuliwe sana: pembe kati yake ikifika nyuzi 120, kila upande unabeba uzito wako mzima, kwa hiyo hakuna kilichogawanywa. Mimi sivuki 60.

Adui mkubwa ni chumvi. Boma moja nilikuta kapi limening'inizwa kwa mnyororo uliopakwa rangi ya fedha, unang'aa. Nikaulegeza na kutazama pale pete zinaposuguana. Chuma kilikuwa kimeliwa, kimebaki chembamba kama njiti ya kiberiti.

"Mzee, huu sishukii."

"Fundi, mbona tumevutia maji miaka yote?"

"Ndoo ikianguka, mzee, utanunua nyingine."

Hakufurahi, lakini aliutoa. Na usijidanganye kwamba chuma kisichoshika kutu kitakuokoa. Kule Krabi, Thailand, kwenye majabali ya chokaa kando ya bahari, bolti za chuma hicho zilizotumiwa na wapanda miamba zilipasuka ndani kwa ndani huku kwa nje zikionekana nzima, wakaanza kuweka badala yake bolti za titani zilizogandishwa kwa gundi. Kwa hiyo ukikuta ndoano ya fundi aliyetangulia ukutani mwa kisima, ipite tu.

Ukingoni kamba isiguse jiwe. Matumbawe yana meno. Weka gunia lililokunjwa au kipande cha tairi, kisha kifunge kisiteleze. Kumbuka pia kwamba fundo linaweza kula theluthi ya nguvu ya kamba au zaidi, na nailoni ikilowa hupungua tena. Kilo ulizotajiwa dukani ni za kamba kavu, mpya, isiyo na fundo.

Kabla sijaingia, vijana wawili huning'inia kwenye kamba kwa pamoja hapohapo juu, miguu ikiwa karibu na ardhi. Kamba yangu ya akiba hufungwa kwenye mti mwingine na hushikwa na mtu asiye na kazi nyingine, wala simu mkononi. Hewa ya kisimani ina habari zake ndefu. Kwa leo niseme tu pampu ya petroli isishushwe ndani kamwe.

Jioni naipitisha kamba yote viganjani, kidole kikitafuta manyoya. Ikichubuka naikata papo hapo vipande vifupi vya kufungia mbuzi. Ukiiacha nzima, wiki ijayo utaikuta kisimani kwa jirani.