Kuhesabu Gharama ya Turbo
Somo: Luka 14:28-30

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kijana wetu mmoja wa Umoja aliniomba nimpakie mafuta gari lake: Subaru Impreza WRX, ya mkopo wa sacco. Leseni yake ina miezi minne.

Nilimwona mimi wa miaka kumi iliyopita. Nilikua nikimshangilia Patrick Njiru na Subaru yake kwenye Safari Rally, basi nikanunua yangu kabla sijazoea barabara. Turbo ina tabia yake. Unakanyaga, gari linanyamaza kidogo, halafu nguvu zinakuja zote kwa mpigo. Mimi zilinipata Outer Ring, usiku, lami ikiwa na maji. Tuliishia mtaroni. Mdogo wangu alivunjika mguu, na mpaka leo anachechemea.

Na digrii yangu ya biashara! Nilihesabu bei tu; bima, petroli na tairi sikuhesabu. Mjenzi wa Luka aliketi kwanza.

Kijana nilimwombea, ndiyo. Lakini tumekubaliana ufunguo ukae kwa mamake, naye aendeshe Probox ya kanisa kila Jumamosi, mimi nikiwa pembeni, mpaka Krismasi.