Faini Siyo Fidia

Maneno haya mawili, faini na fidia, hukaribiana mdomoni, na huko vijijini kwetu watu wengi huyachanganya. Anayeyachanganya anaweza kupoteza haki yake. Safari hii tuyatenganishe, kwa kufuata sheria za Tanzania Bara.

Tuseme umegombana na jirani juu ya mpaka wa shamba. Usiku anakuja na panga, anakata migomba yako 40. Siyo bahati mbaya hiyo, amekusudia. Unakwenda polisi, anakamatwa, anafikishwa mahakamani kwa kosa la kuharibu mali. Hakimu anamtia hatiani na kumtoza faini. Analipa, anarudi nyumbani. Je, wewe unarudi na nini? Mikono mitupu. Faini imekwenda Serikalini, na migomba yako bado imelala chini.

Hapo wengi husema, "Basi, kesi imekwisha." Haijaisha. Iliyokwisha ni kesi ya jinai, ambayo kazi yake ni kumwadhibu mkosaji. Ndani yake wewe ulikuwa mlalamikaji na shahidi tu. Iko kesi nyingine, ya madai, na hiyo ni yako mwenyewe. Humo wewe unaitwa mdai, na aliyekudhuru anaitwa mdaiwa. Unachodai ni fidia, yaani malipo ya kukurudisha pale ulipokuwa kabla ya kudhuriwa, kadiri fedha inavyoweza. Ni hivyo hivyo kwa aliyepigwa, aliyefungiwa ndani bila haki, aliyechomewa nyumba, au aliyeswagiwa ng'ombe kwenye mahindi yake makusudi.

Hakimu wa kesi ya jinai naye anaweza kuamuru mkosaji akulipe fidia pale pale. Kwa hiyo usinyamaze, mwombe. Lakini huwezi kulipwa mara mbili kwa hasara ile ile.

Sasa je, jirani akiachiwa huru? Bado unaweza kumdai. Katika jinai, kosa lazima lithibitishwe pasipo kuacha shaka yoyote ya maana. Katika madai, mahakama hupima ushahidi wa pande mbili. Mahakama Kuu ilieleza jambo hili mwaka 1984: yule ambaye ushahidi wake ni mzito kuliko wa mwenziwe ndiye anayeshinda. Wakulima wa pamba mnaijua mizani, hatuna haja ya kueleza zaidi. Hukumu hiyo hiyo ilionya kwamba ukiacha kumleta shahidi wa muhimu bila sababu, mahakama inaweza kuona kuwa angesema kinyume chako.

Hapa ndipo daftari la kisomo linapofanya kazi. Siku ile ile ya tukio andika tarehe, saa, mahali, na majina ya walioona. Hesabu migomba, usikisie. Mwite bwana shamba na mwenyekiti wa kitongoji waione kabla haijaoza. Kama umepigwa, chukua fomu ya PF3 polisi uende nayo hospitali, daktari aijaze. Tunza risiti za dawa na nauli, hata zile ndogo. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba hasara ya fedha unayoidai lazima uitaje wazi na kuithibitisha. Mtu anayesema "nimepoteza kama milioni hivi" anajiumiza mwenyewe. Maumivu na fedheha hayana risiti. Hayo hakimu huyapima kwa busara yake, na makusudi ya mkosaji yanaweza kuongeza uzito.

Usikae sana. Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 imeweka miaka 3 kwa madai ya kudhuriwa. Ukipitisha muda, dai lako linaweza kutupwa hata kama ni la kweli. Siyo kila dai huanzia Mahakama ya Mwanzo, mengine huanzia Mahakama ya Wilaya. Kamuulize karani kabla ya kulipa ada. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na msaada huo kwa asiye na uwezo ni bure.

Wengine hupenda kumaliza mbele ya wazee, na sisi hatuoni ubaya. Ila kila kitu kiandikwe: kiasi gani, kitalipwa lini, nani shahidi. Na usitie saini karatasi inayosema "hatudaiani tena" kabla fedha haijafika mkononi. Wapo waliosoma karatasi hiyo baada ya kutia saini!

Kuhusu kwenda usiku kukamata mbuzi wa jirani ili ujilipe, tunasema hapana. Kesho yake mshitakiwa ni wewe.

Swali la kujadili katika kikundi: Mtu amempiga mwenziwe fimbo makusudi, akamvunja mkono. Amefungwa miezi 6. Aliyevunjwa mkono ameshindwa kulima msimu mzima, na anazo risiti za hospitali. Ndugu wa mfungwa wanasema, "Ameshalipa kwa kifungo, mnataka nini tena?" Mtawajibu nini? Na huyo mwenye mkono aandike nini daftarini, akianza leo?