Kutafuta mtoto: Wanandoa waende kliniki pamoja

Katika mtaa kama Kaloleni, ambako majirani wanajuana vyema, ndoa ikimaliza mwaka bila mimba maswali huanza, na mara nyingi huelekezwa kwa mke. Yeye ndiye huzunguka kliniki peke yake huku mume akingoja majibu nyumbani. Hali hii huwapotezea wanandoa muda, kwa sababu takriban nusu ya visa vya kukosa mtoto huhusisha pia upande wa mume.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo hili maishani.

Siku zinazofaa

Yai huishi kwa saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku tano mwilini mwa mwanamke. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, siku zinazofaa ni kati ya siku ya 9 na ya 14. Kwa mwenye mzunguko wa siku 32, ni kati ya 13 na 18. Kukutana kila baada ya siku moja au mbili kunatosha.

Umri na maambukizi

Uwezo wa mwanamke kushika mimba hupungua kwa kasi baada ya miaka 35. Kisonono na klamidia zisipotibiwa huweza kuziba mirija ya uzazi, na mara nyingi klamidia haina dalili. Mmoja akipatikana na ugonjwa, wote wawili watibiwe.

Aliyeacha sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu asiwe na hofu: uwezo wa kuzaa hurudi, ingawa huweza kuchukua hadi mwaka mmoja.

Kwa wanaume

Nguvu za kiume si ushahidi kwamba mbegu zinatosha, wala kuwa na mtoto wa awali. Sigara, pombe nyingi, uzito kupita kiasi na homoni za kutunisha misuli hupunguza mbegu. Joto kali pia hudhuru, jambo linalowahusu wanaofanya kazi karibu na tanuri. Mbegu mpya huchukua takriban miezi miwili na nusu kukomaa, hivyo anayebadili mwenendo leo avute subira.

Wakati wa kumwona daktari

Wanandoa waende baada ya miezi 12 ya kujaribu, au miezi sita mke akiwa na miaka 35 au zaidi. Hedhi isiyotabirika au maumivu ya nyonga yasingoje. Upimaji wa manii ni rahisi na haumuumizi mume, kwa hivyo ufanywe mapema. Mke naye aanze tembe za asidi ya foliki kabla ya kushika mimba.

Wakazi waanzie katika kituo cha afya cha umma kilicho karibu. Waende wawili.