Injini Mpya katika Gari la Kale: Somo la Hewa, Joto na Breki

Katika miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilitoa aina ya magari ambayo watu waliyaita "magari ya misuli". Misuli yenyewe ilikuwa injini kubwa yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la herufi V, nayo ilitiwa ndani ya bodi ya gari la kawaida la bei ya wastani. Pontiac GTO ya mwaka 1964 ndiyo aghalabu huhesabiwa kuwa ya kwanza. Mwaka huohuo, tarehe 17 Aprili, kampuni ya Ford ilionyesha gari lake la Mustang katika maonyesho ya dunia mjini New York. Enzi hiyo haikudumu. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970, gharama za bima zilizozidi kupanda, na vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973 viliikatisha.

Magari yaliyosalia hutunzwa kwa njia mbili. Wako wanaoyarudisha kama yalivyotoka kiwandani, na wako wanaoyatia injini ya siku hizi, ndogo, yenye tabo. Kazi hii ya pili yazua maswali mawili. Injini yenye nusu ya ujazo wa ile ya kale yawezaje kuishinda kwa nguvu? Na ni nini kingine hakina budi kubadilishwa ili nguvu hiyo isimwangamize dereva?

Nguvu ni hewa

Petroli haiungui peke yake. Ili gramu moja ya petroli iungue barabara, zahitajika gramu 14.7 hivi za hewa. Kuongeza petroli ni jambo jepesi. Kuongeza hewa ndiko kugumu. Injini isiyo na tabo hujazwa na kani ya hewa ya angani tu: pistoni ishukapo, hewa huingia kujaza nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo mhandisi atakaye nguvu zaidi ana njia kuu mbili: ama apanue silinda, ama aishindilie hewa ili nyingi zaidi iingie katika silinda ileile.

Wamarekani wa miaka ya 1960 walifuata zaidi njia ya kwanza. Njia ya pili ilikuwa imekwisha kufikiriwa na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1905. Aliona kwamba moshi utokao katika injini huondoka na sehemu kubwa ya joto la mafuta bila ya kufanya kazi yoyote. Tabo huutumia moshi huo. Ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa katika mhimili mmoja. Moshi hulizungusha la kwanza, na la pili, lililo upande mwingine, huvuta hewa safi na kuisukuma ndani ya silinda. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mluzi unaosikika lori la dizeli linapopanda mlima na mzigo ndio sauti ya kazi hiyo.

Adui wa kwanza: joto

Kila ajazaye upepo baiskeli hutambua kwamba pampu hupata moto, kwani hewa ikigandamizwa huongezeka joto. Na ichukuliwe hewa yenye nyuzi 27 za Selsiasi, yaani 300 katika kipimo cha Kelvin, iliyogandamizwa hadi kani yake ikawa maradufu. Katika tabo ya kawaida hewa hiyo yaweza kutoka ikiwa na nyuzi 120 hivi, yaani 393 za Kelvin. Uzito wa kila lita ya hewa huongezeka kwa kadiri ya kani na kupungua kwa kadiri ya joto. Basi:

2 × 300 ÷ 393 = 1.53

Kani imekuwa mara mbili, lakini hewa iliyopatikana ni mara moja na nusu tu. Joto limeinyang'anya injini karibu nusu ya faida. Ndiyo sababu hewa hupitishwa kwanza katika kipozaji kinachofanana na rejeta, ambacho huwekwa mbele ya gari. Ikipozwa hadi nyuzi 50, yaani 323 za Kelvin, hesabu huwa:

2 × 300 ÷ 323 = 1.86

Adui wa pili: kugonga

Joto lina madhara mengine yaliyo makubwa zaidi. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukiwa na joto na kani nyingi mno, sehemu yake hulipuka yenyewe kabla ya kufikiwa na moto ulioanzia kwenye plagi. Fundi husema injini inagonga. Kugonga kukizidi, pistoni hutoboka.

Kampuni ya General Motors ilikutana na tatizo hilo mapema. Mwaka 1962 ilitoa Oldsmobile Jetfire, mojawapo ya magari ya kwanza ya abiria kuuzwa yakiwa na tabo. Ili kuzuia kugonga, injini yake ilinyunyiziwa maji yaliyochanganywa na methanoli kutoka katika chombo maalumu. Wenye magari wengi walisahau kukijaza, na gari hilo likaachwa kutengenezwa baada ya mwaka 1963. Wazo lilikuwa jema. Kilichokosekana ni mlinzi asiyesahau.

Siku hizi mlinzi huyo yupo. Petroli hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda, na inapogeuka mvuke huipoza hewa iliyomo. Kisikizi kilichofungwa katika injini hutambua mgongo wa kwanza, na kompyuta huchelewesha cheche mara moja. Mustang ya mwaka 1965 yenye silinda nane na ujazo wa lita 4.7 ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 225 ilipokuwa na kabureta ya midomo minne. Mustang ya mwaka 2015 yenye silinda nne, lita 2.3 na tabo ilitajwa kuwa na 310. Tofauti yenyewe ni kubwa kuliko tarakimu zinavyoonyesha, kwa sababu injini za zamani zilipimwa zikiwa zimevuliwa vifaa vyake vingi. Upimaji wa injini ikiwa na vifaa vyake vyote ulienea Marekani kuanzia magari ya mwaka 1972.

Badiliko huzaa badiliko

Fundi anayeitia injini ya lita 2.3 katika bodi ya mwaka 1965 hugundua upesi kwamba hatii injini peke yake. Pampu ya zamani ilisukuma petroli kwa kani ndogo tu iliyoitosha kabureta; injini mpya yahitaji pampu ya umeme ya kuilisha pampu nyingine ya kani kubwa sana. Kompyuta yahitaji nyaya mpya na umeme usioyumba. Beseni la oili hugota kwenye mtalimbo wa mbele. Tabo huwaka joto kali, hivyo nyaya na mabomba yaliyo jirani hayana budi kukingwa. Nyuma nako kuna kazi: Mustang iliyotoka kiwandani na silinda sita ilikuwa na ekseli nyepesi na magurudumu ya boliti nne, ilhali ya silinda nane ilikuwa na boliti tano.

Lakini lisilosameheka kuachwa ni breki. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari la kilo 1,300 liendalo kilomita 100 kwa saa lina nishati ya kilojuli 500 hivi. Likifika kilomita 160, huwa na 1,280 hivi. Kasi haikufika hata maradufu, bali nishati imezidi mara mbili na nusu, na yote hugeuzwa kuwa joto na breki gari linaposimamishwa. Mustang ya kawaida ya mwaka 1965 ilikuwa na breki za ngoma katika magurudumu yote manne, na silinda kuu yake ilikuwa na chumba kimoja tu: bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Kwa hiyo diski za mbele na silinda kuu ya vyumba viwili hufungwa kwanza, kabla injini mpya haijawashwa.

Liko pia jambo lisilopimwa kwa farasi. Bodi iliyokatwa hairudi kuwa kama ilivyokuwa, na magari yaliyobaki na injini zake za asili hayaongezeki. Fundi mwenye busara huchagua bodi iliyokwisha kupoteza injini yake, hutumia boliti badala ya msumeno kila inapowezekana, na huihifadhi injini ya zamani kama bado ipo.

Maswali ya kujipima

1. Katika mfano uliotolewa, kama kipozaji kingeifikisha hewa kwenye nyuzi 70 tu, lita moja ya hewa ingekuwa na uzito mara ngapi wa ile ya mwanzo? (Jibu: mara 1.75.)

2. Gari likiongeza kasi kutoka kilomita 60 hadi 120 kwa saa, breki zitabeba nishati mara ngapi zaidi? (Jibu: mara nne.)