Dondoo muhimu: Unaumwa, uende kazini?

Homa kwanza. Mwili ukichemka, usimeze dawa ya malaria kwa kukisia. Pita kituo cha afya upimwe. Anayeharisha au kutapika abaki nyumbani. Kwa mpishi, mama lishe au muuguzi sharti ni kali zaidi: zipite saa 48 tangu dalili zikome ndipo ashike tena chakula au mgonjwa, maana kunawa mikono pekee hakutoshi.

Mafua mepesi bila homa? Nenda, ila vaa barakoa. Dereva aliyemeza Piriton (dawa ya mzio iletayo usingizi) asiguse usukani, hata akijiona mzima. Kikohozi cha wiki 2 kinataka kipimo cha kifua kikuu.

Mjulishe msimamizi kabla ya zamu kuanza, kisha mpelekee ED (cheti cha mapumziko ya ugonjwa) ya daktari. Bila cheti hicho mwajiri halazimiki kukulipa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania (2004) inatoa siku 126 za ugonjwa katika miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Wengi huziomba kama fadhila ya bosi! Aliye na chini ya miezi 6 kazini, kwa kawaida sheria haimpi siku hizo za malipo. Huyo azungumze na mwajiri mapema.