AFYA YAKO: Miguu Ikiishiwa Nguvu Ghafla, Kipimo cha Neva Husema Nini?

Mtu aliharisha wiki mbili zilizopita, akapona. Leo nyayo zinamchomachoma na kufa ganzi. Siku mbili baadaye hawezi kupanda ngazi, kisha mikono nayo inalegea. Nyumbani, mmoja anasema ni uchovu, mwingine anasema amerogwa.

Huenda ni ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao madaktari wa Ufaransa waliueleza mwaka wa 1916. Kila mwaka huwapata mtu mmoja au wawili katika kila watu 100,000, wakubwa kwa wadogo.

Mwilini kunatokea nini?

Neva ni kama waya wa stima: ndani kuna uzi unaopitisha ujumbe, nje kuna ganda. Kinga ya mwili iliyoamka kupigana na viini hukosea na kushambulia ganda hilo, au uzi wenyewe. Ujumbe wa ubongo hufika kwenye misuli ukiwa umechelewa, au haufiki kabisa.

Kipimo hufanywaje?

Vibandiko vyenye nyaya huwekwa kwenye ngozi ya mkono au mguu, kisha neva hupitishiwa stima kidogo. Mgonjwa hushtuka kidogo tu. Mashine hupima kasi na nguvu ya ujumbe. Katika mkono wa mtu mzima mwenye afya, ujumbe hukimbia takriban mita 50 au zaidi kwa sekunde. Ganda likiharibika, kasi hupungua. Uzi ukiharibika, nguvu ya ujumbe ndiyo hushuka.

Matokeo mazuri yasikudanganye

Katika wiki ya kwanza kipimo kinaweza kukosa kuonyesha kasoro ilhali ugonjwa upo. Ndiyo maana daktari huanza na dalili: hugonga goti kwa nyundo kuona kama mguu utaruka, na huenda akapima maji ya uti wa mgongo. Kipimo cha neva kinaweza kurudiwa baada ya wiki mbili hivi.

Matibabu hayapaswi kusubiri hadi wakati huo. Dripu ya kingamwili, au kubadilishiwa majimaji ya damu, husaidia zaidi yakianza ndani ya wiki mbili tangu nguvu zianze kupungua. Kati ya wagonjwa 100, takriban 20 hadi 30 huhitaji mashine ya kuwasaidia kupumua.

Ufanye nini?

• Udhaifu ukianza miguuni na kupanda, nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usianze na kukandwa.
• Ukishindwa kumeza, au ukihema unapozungumza, hiyo ni dharura.
• Mweleze daktari kama uliharisha au ulikuwa na mafua majuma yaliyopita.
• Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea kiungo ghafla, mjulishe mhamasishaji wa afya ya jamii mara moja. Sampuli mbili za choo huchukuliwa ndani ya siku 14 ili kuchunguza polio.