Maana ya Tawakkul na Kushika Sababu

Neno tawakkul latajwa sana midomoni mwa watu wetu, lakini maana yake wachache waielewayo. Mwenye kupanda pikipiki bila ya kofia ngumu husema ametawakali, na kwamba ajali haina kinga. Na mtu huyo huyo, mtoto wake akishikwa na homa usiku, wa kwanza kumkimbilia ni mpiga ramli, na wa pili ni mwandishi wa hirizi. Twauliza: tawakkul ile ya mchana imekwenda wapi?

Wanavyuoni wetu wamebainisha kuwa tawakkul ni kazi ya moyo, na kushika sababu ni kazi ya viungo, wala moja haiiondoi nyingine. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali. Akaamrishwa amfunge kwanza. Na Mtume mwenyewe, alipohama Makka, alimkodi mwongozi, Abdullahi bin Uraiqit, naye wakati huo alikuwa angali katika dini ya Makureshi, ila alizijua njia. Kisha akajificha siku tatu katika pango la Thaur. Maadui walipofika mlangoni pa pango, sababu zote zilikuwa zimekwisha. Hapo ndipo alipomtuliza Abu Bakr kwa kumkumbusha kuwa Mwenyezi Mungu yu pamoja nao.

Kisa cha Sayyidna Umar chastahili kusomwa kwa utulivu. Alikuwa safarini kwenda Sham, akafika Sargh, akapewa habari kuwa tauni imeingia nchini. Akawataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, nao wakahitalifiana. Akawataka shauri wazee wa Kikureshi, wakaafikiana kuwa arudi. Abu Ubaida bin Jarrah akamuuliza kama aikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kuwa ndiyo, yuaikimbia qadari kuiendea qadari; akampigia mfano wa mchungaji aliyeteremka bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa qadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume inayokataza kuingia nchi yenye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mola wake, akarudi. Abu Ubaida alisalia Sham, akafa kwa tauni hiyo mwaka wa 18 Hijria (639).

Basi mwaka 2020, misikiti yetu ilipofungwa kwa ajili ya korona, wako waliosema kuwa huo ni upungufu wa imani. Twadhani hawakukisoma kisa hiki, au walikisoma kwa haraka. Uchungu wa kukosa Ijumaa twaujua. Lakini uchungu si hoja.

Upande wa riziki ndiko maradhi yalikozidi. Mtume (S.A.W.) ametupigia mfano wa ndege, watokao asubuhi na matumbo matupu wakarejea jioni wameshiba. Watu huushika mwisho wa mfano wakausahau mwanzo: ndege hutoka. Vijana wetu hukaa barazani wakicheza kamari katika simu, wakingoja bahati. Kwa upande wa pili yuko mwenye duka apunguzaye mizani kwa kuogopa kukosa karo ya watoto. Huyu afanya kazi tangu alfajiri, hatumwiti mvivu. Lakini moyo wake waitegemea mizani kuliko Mwenye kuruzuku. Hapo ndipo mtihani wa tawakkul ulipo hasa: kuiacha faida ya haramu, na haja ya nyumbani yaijua.

Na mwenye kutaka kujizoeza na aanze na jambo dogo. Akikusudia safari, au posa ya binti yake, au kununua chombo cha uvuvi, na aulize wajuzi wa jambo hilo, kisha asali rakaa mbili na aombe dua ya istikhara badala ya kwenda kupigiwa bao. Jabir amesimulia kuwa Mtume akiwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote, kama alivyokuwa akiwafundisha sura ya Qurani. Asingoje ndoto, kama wengi wadhanivyo. Na aendelee na jambo lake, likiwa na kheri litasahilika. Nasi twawaomba waalimu wa vyuo waisomeshe dua hiyo pamoja na Juzuu Amma, watoto waihifadhi wangali wadogo.